Droni zisizo na rubani kwenye gemu ya mezani ya vita vya anga: sheria zake ziweje zisigeuke makombora ya bei kubwa?

#1 KeteNyeusi
Wakuu habari zenu. Naandika gemu yangu ya mezani ya vita vya anga za juu, ramani ya vyumba vya pembe sita, meli tatu mpaka sita kila upande, dadu za kawaida tu. Meli zimekaa sawa, leza sawa, makombora sawa. Kinachonitoa jasho ni droni. Kila nikiandika sheria zake naangukia pabaya, ama zinakuwa makombora yanayotembea taratibu, ama zinakuwa meli ndogo za bei chee na mchezaji mjanja anaacha kabisa kununua meli za maana, ananunua meli mama moja anaificha nyuma ya sayari halafu droni kumi na mbili zinaenda kufa kwa niaba yake.

Vipimo vyangu: chumba kimoja km 1,000, raundi moja dakika 5, ramani vyumba 40 kwa 30. Droni kwa sasa inasogea kama meli, inarusha dadu moja, ikitoka 5 au 6 imejeruhi, yenyewe ikipigwa mara moja kwisha habari. Amri yake inaandikwa kwenye kikaratasi raundi moja kabla, kwa sababu mawimbi ya redio yanachelewa kufika.

Swali: ni nini hasa kinaitofautisha droni na kombora, halafu na meli yenye watu ndani, PALE MEZANI, siyo kwenye hadithi?

#2 dogo_vekta
Nakaa mbele kabisa hapa. Mi ndo yule mjanja wa droni kumi na mbili 😂

#3 BabuObiti
Salama. Naanza na hilo la mawimbi kuchelewa maana hesabu imekataa. Redio na mwanga vinakwenda karibu km 300,000 kwa sekunde. Ramani yako upande mrefu ni km 40,000, gawanya unapata sekunde 0.13. Kwenda na kurudi haifiki hata sekunde 0.3, na raundi yako ni sekunde 300, sasa amri inachelewaje raundi nzima, inapita wapi? Hata droni ikiwa mwezini na anayeiendesha yuko duniani, km 384,400, kwenda na kurudi ni sekunde 2.6 hivi, na Wasovieti waliendesha gari lao Lunokhod 1 juu ya mwezi mwaka 1970 na ucheleweshaji huohuo, watu watano wamekaa duniani wanatazama picha zinazoingia mojamoja na gari linakwenda. Ukitaka sheria yako iwe na msingi, chumba kimoja kiwe na upana wa sekunde kadhaa za mwanga, na hapo leza yako nayo imekufa kwa sababu unamlenga mtu alipokuwa, siyo alipo.

#4 KeteNyeusi
Shikamoo babu. Fizikia nimekuelewa, ila ile sheria ya vikaratasi mezani inafanya kazi bana, mtu anafunua karatasi yake unamsikia anaguna mwenyewe. Nikiitoa droni inarudi kuwa meli ndogo. Nipeni sababu nyingine ya kuibakiza.

#5 fundi_saketi
Sababu ipo na haihusiani na kasi ya mwanga. Ni mawasiliano yenyewe kuvurugwa. Droni inamsikia mama kwa redio, adui naye ana kivurugi kinapiga kelele kwenye masafa hayohayo. Nguvu ya mawimbi inapungua kwa mraba wa umbali, ukienda mbali mara mbili inabaki robo, mara tatu inabaki sehemu moja ya tisa, na hii inamhusu mama na kivurugi sawasawa. Kwa hiyo kama nguvu zao zinalingana, swali linabaki moja tu, je droni iko karibu na mama au karibu na kivurugi? Na droni inayokwenda kushambulia kazi yake ni kumsogelea adui na kumwacha mama nyuma, yaani kadiri inavyokaribia kupiga ndivyo inavyozidi kuwa kiziwi.

Sheria yake mezani haihitaji jedwali. Pima vyumba mpaka kwa mama, pima vyumba mpaka kwenye kivurugi. Kama kivurugi ndo kiko karibu, hiyo droni haipokei amri mpya raundi hii, inafuata karatasi yake ya mwisho. Umebaki na vikaratasi vyako na babu hana la kusema.

#6 BabuObiti
Babu ana la kusema sikuzote. Mawasiliano si lazima yawe redio inayotapakaa kila upande. Mama anaweza kuongea na droni kwa leza nyembamba, kivurugi kikae wapi ili kiizibe hiyo?

#7 fundi_saketi
Swadakta, ila leza inataka mnaonana na inataka mama ajue droni iko wapi kwa usahihi mkubwa muda wote. Sayari ikiingia katikati imekatika, droni ikikwepa ghafla imekatika mpaka itafutwe tena. Unapata aina mbili za uzi wa mawasiliano, redio inayovurugika ila inafika popote, leza isiyovurugika ila inataka njia nyeupe. Yule anayejificha nyuma ya sayari @dogo_vekta ameshapata dawa yake.

#8 dogo_vekta
Naacha droni moja pembeni ya sayari inanirushia mawasiliano kwa zingine. Endeleeni.

#9 Refa Mnoko
Huyu dogo akose kabisa. Ila hiyo ni nzuri, maana sasa kuna droni moja ambayo adui ana sababu ya kuiwinda. Gemu inapata shabaha.

#10 KomboraBaridi
Wote mnakwepa kitu kikubwa ambacho ni mafuta. Tofauti ya kombora na droni ni kwamba droni inatakiwa irudi nyumbani. Basi. Kombora linachoma mara moja likamgonge mtu. Droni inachoma kwenda, inachoma kusimama, inachoma kuanza kurudi, inachoma tena kusimama kwa mama, mara nne. Na mafuta hayaongezeki kwa kujumlisha, yanaongezeka kwa kuzidisha, ndo kanuni ya roketi ya Tsiolkovsky ya 1903. Chukua mfano kasi unayotaka inalingana na kasi ya moshi unaotoka kwenye injini. Kombora la tani 1 likiwa tupu linaondoka na uzito wa tani 2.7. Droni ya tani 1 tupu inayotaka kwenda na kurudi kwa kasi hiyohiyo inaondoka na tani 54.6. Hiyo si droni tena hiyo ni meli.

#11 MpitaNjia
Tani 54 😳

#12 Refa Mnoko
@KomboraBaridi hesabu yako ni sahihi kwa ulichokiandika ila umechagua mfano wa kuua. Nani kasema irudi kwa kasi ileile? Imeshapiga, haina haraka, irudi kwa robo ya kasi. Unapata moja, moja, robo na robo, jumla mbili na nusu, na uzito unaanguka mpaka tani 12 hivi. Na kuna njia rahisi kuliko zote, droni isisimame, ipite karibu na adui, ipige, iendelee na safari yake na mama ndo aifuate kuiokota baada ya vita. Hapo ni kuchoma mara moja na kidogo cha kukwepa.

Kwa gemu hii inatoa kitu kitamu sana: droni ina pointi za mafuta, tuseme sita, mchezaji mwenyewe ndo anaamua wakati gani anavuka mstari ambapo haitarudi tena. Zikirudi unapata pointi za ushindi, zisiporudi hupati. Sheria mbili, droni inaacha kuwa kombora.

#13 MamaDadu
Habari zenu kaka zangu. Mafuta sita mara droni kumi na mbili ni namba sabini na mbili za kufuatilia, mnataka nani aziandike? Mimi nimekaa kwenye meza ya mtu mwenye sheria kama hizo, kila kete ndogo ina karatasi yake, ina dadu ya mafuta, ina dadu ya uhai, halafu mtu mmoja akaegemea meza kuchukua penseli na mkono wa sweta ukazoa kundi zima. Hakuna aliyejua ipi ilikuwa na mafuta mangapi. Tulibishana muda mrefu kuliko vita yenyewe.

Dawa ni moja. Droni hazichezwi mojamoja. Unacheza BUMBA. Kete moja kubwa, juu yake dadu moja, namba inayoonekana ndo idadi ya droni zilizobaki na ndo hiyohiyo idadi ya dadu unazorusha ukishambulia. Wakiua mbili unageuza dadu kutoka 6 kwenda 4. Hakuna karatasi. Mafuta nayo ni ya bumba zima, na kama lazima yawepo weka tu upande wa kete, upande mweupe ina mafuta ya kurudi, ukiipindua upande mweusi haina.

#14 KeteNyeusi
Mama hii ya kupindua kete naichukua leoleo, asante. Ila bumba la droni sita linapigaje kwa pamoja dhidi ya kinga ya karibu? Kwangu kila meli ina mizinga ya ulinzi dadu 4, ikitoka 4, 5 au 6 droni moja imekufa, inafyatua mara moja tu kwa raundi, hata zifike droni ngapi.

#15 MamaDadu
Hapo ndo ugonjwa wako ulipo, soma tena ulichoandika. Mizinga dadu 4 inaua kwa wastani 2. Dogo akileta droni 12 zote raundi moja, 2 zinakufa na 10 zinapenya. Akileta 6 kisha 6, zinapenya 4 na 4, yaani 8. Akileta nne nne mara tatu zinapenya 6 tu. Hakuna mtu mwenye akili atakayezigawa. Kinga yako inamzawadia anayerundika, sasa unalaumu droni wakati mwenye kosa ni mizinga.

#16 dogo_vekta
Mama amenianika

#17 BabuObiti
Hilo la kurundika lina jina lake. Lanchester, Mwingereza, aliandika 1916: vikosi vinavyolengana moja kwa moja, nguvu ya upande haiendi na idadi, inaenda na mraba wa idadi. Droni 12 ni 144. Meli 4 ni 16. Ili meli nne zisimame sawa na hizo droni, kila meli iwe bora mara 9, tuseme moto mara tatu na ugumu mara tatu. Sasa @KeteNyeusi wewe bei ya droni umeipangaje, naona umechukua bei ya meli ukagawanya kwa nguvu zake, sivyo?

#18 KeteNyeusi
Ndivyo 😅 meli pointi 90, droni pointi 10.

#19 BabuObiti
Basi kwa pointi 360 mmoja ananunua meli 4 na mwingine droni 36. Mraba wa 36 ni 1,296, na mraba wa nne hata ukizidisha mara 9 ni 144. Dogo wala hana ujanja wowote, amesoma bei tu.

#20 Refa Mnoko
Babu taratibu. Huo mraba ni wa kulengana mmojammoja, na kila mtu anafika kwa kila mtu. Lanchester huyohuyo alikuwa na kanuni nyingine iliyonyooka bila mraba, kwa moto usiolenga, unaomwagwa kwenye eneo. Meli ikiwa na silaha inayopiga chumba kizima, kila kitu kilicho humo kinarushiwa dadu, basi kurundikana kunakuwa hasara. Hapo huna haja ya kugusa bei. Droni 12 kwenye chumba kimoja zinarushiwa dadu 12, droni 3 zinarushiwa 3. Dogo atazitawanya mwenyewe bila kuombwa.

#21 KomboraBaridi
Silaha gani hiyo inapiga chumba cha upana wa km 1,000?? Mlipuko kwenye ombwe hauna hewa ya kusukuma, hakuna wimbi la mshindo, kinachofika ni miale na vipande, na vyote vinazidi kuwa vyembamba kwa mraba wa umbali. Droni mbili zikiachana km 50 hazijui hata kama mwenzake kapigwa.

#22 Refa Mnoko
Ni gemu ndugu yangu.

#23 KomboraBaridi
Basi nami nataka joka linalotema moto.

#24 MpitaNjia
Naomba kuuliza kijinga. Kwa nini meli iwe na watu kabisa? Droni haina haja ya hewa wala chakula, haizimii ikikata kona. Rubani na suti yake maalumu anavumilia kama g 9, yaani mara tisa ya uzito wake, kwa sekunde chache. Kwa nini gemu isiwe droni tupu?

#25 fundi_saketi
Si swali la kijinga. Vifaa vya umeme vinavumilia mno, fyuzi za redio za mizinga (za kulipua risasi ikikaribia shabaha) kwenye Vita Kuu ya Pili zilikuwa na valvu za kioo ndani na zilivumilia g 20,000 zikifyatuliwa, kioo hicho! Kwa hiyo kwa kuvumilia mitikisiko mtu ameshashindwa zamani.

Lakini angalia vipimo vya KeteNyeusi. Kuongeza kasi chumba kimoja kwa raundi ni km 1,000 kwa sekunde 300, yaani km 3.3 kwa sekunde, ukigawanya tena kwa hizo 300 inatoka g 1.1 hivi. Hiyo ni mtu aliyekaa kwenye kiti amenenepa kidogo. Meli yake ikichoma mbili kwa raundi ni g 2.3, tatu ni 3.4. Watu wanahimili. Kwa hiyo kwenye gemu hii anayezuia meli kukimbia ni mafuta na joto la injini, mwili wa binadamu hauhusiki. Usiipe droni kasi kubwa eti kwa sababu haina rubani, ipe kwa sababu ni nyepesi kama unataka.

#26 BabuObiti
Na joto ni kweli, kwenye ombwe halina pa kwenda isipokuwa kung'aa. Droni ndogo haina nafasi ya mabati ya kupoozea. Ningeipa sheria kwamba ikifyatua leza raundi hii, ijayo haifyatui, inapoa. Meli kubwa inafyatua kila raundi. Tofauti nyingine hiyo hapo, bure, wala haihitaji kufuatilia kitu zaidi ya kuzungusha kete ikutazame nyuma.

#27 dogo_vekta
Leza ya nini, nagonga tu.

#28 KomboraBaridi
Dogo leo kaongea. Kilo 1 kwa km 3 kwa sekunde ina nishati ya megajuli 4.5, baruti ya TNT kilo 1 ni kama 4.2, yaani ukishafika kasi hiyo kitu chochote ni bomu la uzito wake. Na kwenye gemu hii meli mbili zinazokuja uso kwa uso kwa jumla ya vyumba sita kwa raundi zinakaribiana kwa km 20 kwa sekunde. Hapo kilo moja ya misumari ni kama kilo 48 za TNT. Chombo cha DART cha Marekani kilipogonga Dimorphos Septemba 2022 kilikuwa na uzito usiofika kilo 600, kasi km 6.1 kwa sekunde, hakikuwa na baruti hata chembe, na kile kijimwamba cha mita 160 kikabadilisha mzunguko wake.

#29 fundi_saketi
Asante kwa kuitaja DART maana ndo mfano wangu. Ilikuwa km milioni 11 kutoka duniani, mawimbi yanachukua sekunde 38 upande mmoja. Ndo maana saa nne hivi za mwisho ilijiendesha, yenyewe inatazama kwa kamera, yenyewe inachagua ipi ni Dimorphos ipi ni ile kubwa Didymos, yenyewe inajirekebisha. Waliobaki duniani walikuwa watazamaji. Na hata kuungana kwa vyombo viwili bila mtu ndani ni kitu cha zamani, Kosmos 186 na 188 za Wasovieti zilijiunga zenyewe Oktoba 1967.

Kwa hiyo droni kukatika mawasiliano hakumaanishi inakuwa jiwe. Hapa ndo mi naiona tofauti ya kweli na kombora. Kombora ni jiwe ulilorusha, droni ni mbwa uliyemwachia. Ana alichofundishwa, anakifanya hata usipomwita. Tatizo ni kwamba anafanya alichofundishwa, siyo ulichotaka.

Mezani: kila bumba kabla ya vita linapewa KADI MOJA YA TABIA, imelala kifudifudi. Kadi ziwe chache, tuseme tano. "Shambulia aliye karibu." "Shambulia aliyejeruhiwa." "Zunguka mama usitoke vyumba 3." "Mfuate aliyekupiga." "Rudi." Likiwa na mawasiliano unaliendesha unavyotaka. Likikatika, linafunua kadi na kuifuata, na adui sasa ameiona kadi. Raundi zinazofuata adui anajua mbwa wako kafundishwa nini na atamrushia mfupa.

#30 KeteNyeusi
Aisee. Hii ya kadi imenikaa. Vikaratasi vya amri nitoe au nibakize?

#31 Refa Mnoko
Vitoe. Kadi na karatasi vyote viwili ni mzigo.

#32 BabuObiti
Vibaki, ila kwa bumba zote siyo zilizokatika peke yake. Kriegsspiel, mchezo wa vita wa Reisswitz kule Prussia 1824, tayari ilikuwa na maofisa wanaandika amri, refa anazishika mpaka mjumbe wa farasi afike, na amri inafika wakati hali imeshabadilika. Miaka mia mbili mchezo huo unafanya kazi kwa sababu mchezaji anaadhibiwa na mpango wake mwenyewe. Kadi ya tabia inaadhibu mara moja tu, ikishafunuliwa imeisha utamu.

#33 Refa Mnoko
Ile Kriegsspiel ilikuwa na refa babu! Mtu wa tatu anayejua kila kitu. Huyu anaandika gemu ya watu wawili usiku baada ya kazi. Na mwishoni si Waprussia walewale ndo walikuja na toleo ambalo refa anaamua kwa uzoefu wake bila majedwali, kwa sababu sheria zilikuwa nyingi mno?

#34 BabuObiti
1876, Verdy, ofisa wao. Ulikuwa umelala au unanipima?

#35 Refa Mnoko
Nakupima 😄

#36 MamaDadu
Nimeijaribu ya kadi jioni hii na kijana wangu, vifuniko vya chupa ndo droni, meli tatu tatu. Nawaambia nilichokiona.

Moja, sheria ya fundi ya kivurugi ni nzuri ila kila mtu anasimamisha mkono kupima. Mama wangu yuko vyumba 9, kivurugi chake 8, tunahesabu tena, 9, hapana 8, sare ikiwa je? Sare tukaamua mwenye droni anashinda. Hesabu inafanyika kwa kila bumba kila raundi, kwa bumba mbili sawa, kwa sita utachoka.

La pili hili sikulitegemea. Kijana akachagua "Mfuate aliyekupiga". Bumba lake likakatika mawasiliano nami nikawa nalipiga kwa meli yangu iliyo mbali kuliko zote, dadu moja ya leza, haikufa droni hata moja. Likageuka likaanza kuifuata hiyo meli, likanipita pembeni ya meli yangu kubwa iliyojeruhiwa vyumba viwili tu, halikuigusa. Raundi tatu linafukuza kitu lisichoweza kukifikia. Kijana alisimama akashika kichwa. Akaniambia mama huo ni wizi. Nikamwambia kadi umechagua mwenyewe.

Sasa sijui kama ni sheria nzuri au mbaya. Alikasirika kweli, ila meza nzima tulikuwa tunatazama lile bumba moja.

#37 dogo_vekta
Ni wizi, niko na kijana.

#38 fundi_saketi
Hahaha ndo mfupa wenyewe huo. Mama hukumwonea, kuna gharama pale, umepoteza leza raundi nzima.

#39 KomboraBaridi
Mi naona inathibitisha nilichosema mwanzo. Bumba lile lingekuwa na mafuta ya kuhesabu lisingefukuza raundi tatu, lingefika kikomo likarudi. Mafuta ndo akili ya droni.

#40 KeteNyeusi
@MamaDadu mizinga ya ulinzi uliitumia ileile ya dadu 4?

#41 MamaDadu
Hapana, nilibadilisha. Dadu moja kwa kila droni kwenye bumba, mwisho dadu sita, inaua kwa 5 au 6. Bumba kamili la sita linapoteza wastani wa mbili, la tatu linapoteza moja. Theluthi siku zote, ulirundike usilirundike. Na mizinga inafyatua kwa kila bumba. Kijana alileta yake mawili kwa pande mbili tofauti kwa sababu ya vivurugi, siyo kwa sababu ya mizinga, kwa hiyo naona imetulia.

#42 Refa Mnoko
Theluthi siku zote, hiyo imekaa. Na @KomboraBaridi hawezi kulalamika, hakuna mlipuko mkubwa, ni mizinga mingi tu yenye shabaha nyingi.

#43 KomboraBaridi
Sijasema neno. Ingawa mizinga ina risasi ngapi?

#44 MpitaNjia
Na ukikamata droni ya adui iliyokatika mawasiliano? Iran Desemba 2011 walionyesha ile droni ya upelelezi RQ-170 ya Marekani ikiwa karibu nzima. Kwenye gemu mtu akisogeza meli kwenye chumba kimoja na bumba lisilo na mawasiliano, kasi zikilingana, si anaweza kuliokota?

#45 fundi_saketi
Kasi zikilingana ndo kazi. Ila ndiyo, mi ningeruhusu. Na ukiliokota unaichukua na kadi yake.

#46 dogo_vekta
Subirini. Kwa hiyo nikiacha bumba langu makusudi likatike, adui aliokote aliweke kwenye hangari yake, kadi yangu imeandikwa "Shambulia aliye karibu"…

#47 Refa Mnoko
Hapana.

#48 BabuObiti
Sheria inasemaje lakini? Kadi haijasema "aliye karibu isipokuwa aliyekubeba".

#49 MamaDadu
KeteNyeusi andika kwamba ikiingia hangari kadi inatupwa, haraka, kabla huyu mtoto hajalala nayo.

#50 KeteNyeusi
Nimeandika. Sasa bei. Bumba la sita, lenye kadi, kete ya pande mbili, linapoa baada ya kufyatua. Mi nimeweka 60 kama zamani, babu anasema kwa mraba iwe zaidi, Refa anasema mizinga mipya imeshaua mraba ibaki. Nimejaribu 75 na nimejaribu 60, zote dogo kashinda.

#51 dogo_vekta
Jaribu 90 tuone.

#52 BabuObiti
Usiguse bei ya bumba, ongeza bei ya meli mama. Bila mama bumba ni kadi tu. Sasa hivi unamuuza kama gari la mizigo.

#53 Refa Mnoko
Sikubaliani hata kidogo. Ukimpandisha mama, mtu ananunua mmoja na kumjazia bumba zote, tumerudi kwa meli moja nyuma ya sayari. Mama awe rahisi, ila kila mama aendeshe bumba mbili tu kwa wakati mmoja, linalozidi linafuata kadi hata kama mawasiliano ni mazuri.

#54 fundi_saketi
Mbili kwa sababu gani, antena zimeisha au watu wameisha? Maana kama ni antena nitakwambia sasa hivi kwamba antena moja inagawana muda na kuhudumia hata kumi.

#55 Refa Mnoko
Watu. Mtu mmoja anatazama skrini ngapi akiwa anapigwa?

#56 fundi_saketi
Basi nipe sheria ya watu kuuawa ndani ya mama, kila jeraha linapunguza bumba moja linaloendeshwa, nitakubali.